Sifa ya Kununua: Je, Inafaa Kumpa Mteja Zawadi Ili Aisifu Bidhaa?

Utangulizi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu wanafunzi, mlango wa biashara katika fiq-hi wengi huuona kuwa ni mlango wa wakubwa. Lakini baadhi yenu mkitoka chuoni hupitia dukani kwa baba, kwa mjomba au kwa shangazi, kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Mtaa wa Aggrey, na huko ninyi ndio mnaoshika simu ya duka na kujibu wateja. Kwa hiyo mas-ala haya yanawahusu tangu sasa. Katika somo letu la mwaka huu tunauliza: mwenye duka akimpa mteja zawadi au punguzo la bei ili aandike maneno mazuri juu ya bidhaa, hukumu yake ni nini?

Jambo lenyewe linavyofanyika

Kariakoo ni soko la watu wa mbali. Wanunuzi wake hutoka mikoani, na wengine Zambia, Malawi, Komoro na Kongo. Zamani mnunuzi alikuja mwenyewe. Alikishika kitambaa, akakivuta kuona kama kinaachia, akaenda duka la pili na la tatu kulinganisha. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza nchini mwaka 2008, na baadaye maduka yakafungua kurasa zao Instagram na makundi ya WhatsApp. Siku hizi wanunuzi wengi hawaji tena. Mama aliyeko Songea huona picha ya viatu vya watoto vya Idi, husoma yaliyoandikwa chini yake na walionunua, hutuma pesa, kisha husubiri mzigo uje kwa basi. Viatu hakuvishika. Kilichomwondolea shaka ni maneno ya watu asiowajua, waliosema kuwa mali ni nzuri na duka ni la kuaminika.

Mwenye duka analijua hilo. Basi mmoja huweka kikaratasi ndani ya mfuko: tuandikie maneno mazuri, oda yako ijayo tutakupunguzia shilingi 3,000. Mwingine hutuma vocha ya simu kwa kila atakayemsifu. Wa tatu humpa kijana wa dukani laini kadhaa, aandike sifa kwa majina mbalimbali kana kwamba ni wateja. Huyu wa tatu hana mjadala, kwani uongo wake uko wazi. Wanaohitaji kuchunguzwa ni wale wawili wa mwanzo, maana wao husema: "Mteja ni wa kweli, kanunua kweli, na zawadi ni sunna. Kosa liko wapi?"

Maoni ya mteja ni ushahidi

Jibu linaanza kwa kuyajua maneno ya mteja ni kitu gani. Mwenye duka akiisifu mali yake, kila mtu anajua kuwa ni muuzaji, na anayapima maneno yake kwa kipimo hicho. Mteja aliyekwisha nunua akisema, husikilizwa kwa sababu inadhaniwa hana faida yoyote katika maneno yake. Hiyo ndiyo hali ya shahidi.

Na ushahidi katika dini yetu ni jambo zito. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, Allah (s.w.) ametuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili Yake, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Katika Suratul-Baqarah, aya ya 283, ametukataza kuficha ushahidi, na akaeleza kuwa mwenye kuuficha moyo wake umeingia dhambini. Mtume (s.a.w.) naye aliuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa.

Sasa tumtazame mteja aliyepata viatu ambavyo soli yake imeachia baada ya wiki moja. Ameahidiwa shilingi 3,000 akisifu. Akisifu, amesema uongo. Akinyamaza kuhusu soli na kuisifu rangi tu, ameficha. Na kikaratasi kile hakikumwachia njia ya tatu, kwani zawadi haipo kwa mwenye kusema ukweli wote.

Najshi ya zamani na najshi ya simu

Wanafunzi wa darasa la juu wamekwisha soma habari ya najshi. Nayo ni mtu kuongeza bei ya kitu kinachonadiwa hali ya kuwa hataki kukinunua, ila anataka kumhadaa mwingine. Mtume (s.a.w.) ameikataza, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Katika Fat-hul Mu'in, kitabu cha madhehebu ya Imam Shafi, imeelezwa zaidi kuwa kuisifu bidhaa kwa uongo ili watu waitamani hukumu yake ni kama najshi. Kwa hiyo wanachuoni hawakutazama bei peke yake. Walitazama hadaa.

Hapa pana nukta ya kuzingatiwa sana. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, aliyehadaiwa kwa najshi hana haki ya kuvunja mauzo kwa sababu hiyo, ingawa aliyemhadaa amepata dhambi. Sababu waliyoitoa ni kwamba mnunuzi amezembea, hakuwauliza wajuzi. Lakini yule mama wa Songea hakuzembea. Ameuliza, na wajuzi aliowauliza ndio hao walioandika chini ya picha. Mwenye kuyanunua maneno yao hakumhadaa mnunuzi mzembe, bali amekitia sumu kisima ambacho mnunuzi mwangalifu huenda kuteka. Na baada ya hapo watu wa mikoani huacha kuwaamini wote, akiwemo muuza viatu wa jirani ambaye mali yake ni safi na hakumhonga mtu.

Kisa cha Ibnul-Lutbiyya

Ama hoja ya kuwa zawadi ni sunna, jawabu lake limo katika kisa mashuhuri kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azdi, aitwaye Ibnul-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili. Fungu moja alisema ni la Waislamu, na la pili alisema ni lake, amezawadiwa. Mtume (s.a.w.) akapanda juu ya mimbari, akahoji kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, zawadi hiyo ingemfuata huko?

Swali hilo ndilo mizani yetu. Zawadi ya kweli humfikia mtu bila kutazama atasema nini. Basi mwenye duka na ajiulize: kama mteja huyu angeandika kuwa soli imeachia, ningempa shilingi 3,000? Kama jawabu ni hapana, hiyo haikuwa zawadi. Ilikuwa bei ya ulimi wake.

Tofauti ya winga na shahidi

Huenda mtu akauliza: "Mbona mawinga wa Kariakoo hulipwa kwa kuleta wateja na kusifu mali?" Ujira wa dalali asili yake ni halali. Imam Bukhari ameuwekea mlango katika kitabu chake, akataja kuwa baadhi ya wanachuoni wa mwanzo hawakuona ubaya wowote ndani yake. Dalali hujulikana kuwa ni dalali, na mnunuzi husikiliza sifa zake akijua kuwa analipwa. Mteja aliyelipwa kwa siri amevaa kanzu ya shahidi ilhali ni dalali. Na winga naye akijifanya mteja mwenziwe mnunuzi, ameingia katika hukumu hiyo hiyo.

Lipi basi linafaa?

Hatusemi kuwa mfanyabiashara asitafute maoni ya wateja. Yapo mambo yasiyo na ubaya:

1. Kumwomba mteja aseme alichokiona, kiwe kizuri au kibaya, bila ya kumlipa. Hili ndilo salama zaidi.

2. Kutoa zawadi kwa kila atakayetoa maoni, awe amesifu au amelaumu, kwa sharti mambo mawili yatimie: lawama zisifutwe, na itangazwe wazi kuwa waliotoa maoni wamepewa kitu. Moyo wa binadamu huelekea kwa anayemtendea wema, hivyo msomaji ana haki ya kujua.

3. Kumpunguzia bei mteja wa siku nyingi kwa ajili ya uteja wake, bila ya kumdai maneno.

Ama kutoa kwa sharti la kusifu, kufuta maneno ya wenye malalamiko, au kumlipa mteja aliyelaumu ili abadilishe maneno yake hali ya kuwa kasoro iko pale pale, yote hayo hayafai. Anayelalamika abadilishiwe mali au arudishiwe pesa zake, kisha aachwe aseme atakalo.

Sheria za nchi nazo zimeelekea huko. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumpotosha mlaji. Marekani ilitoa kanuni mwaka 2024 inayokataza kulipia maoni kwa sharti la kusifu au kulaumu. Duka kubwa la mtandaoni la Amazon lilikwisha piga marufuku maoni ya kuzawadiwa tangu mwaka 2016. Sisi tulikwisha onywa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita.

Wajibu wa mteja

Wako wateja wanaoona kasoro wakanyamaza, wakichelea kumharibia mwenzao riziki au kuingia katika kusengenya. Lakini Fatima bint Qays alipomtaka shauri Mtume (s.a.w.) kuhusu watu wawili waliomposa, alimweleza kasoro ya kila mmoja, na hadithi hiyo imo katika Muslim. Wanachuoni wamechukua humo kwamba kumtahadharisha mwenye kutaka shauri si katika kusengenya kulikokatazwa. Hata hivyo, aseme alichokiona tu, bila matusi wala kuzidisha, na kwanza ampe muuzaji nafasi ya kurekebisha.

Hitimisho

Ndugu mwanafunzi, ikitokea mjomba amekupa simu na kusema, "Hebu andika sifa kumi hapa," usimjibu kwa ukali. Mwambie kwa adabu: "Mjomba, niache niwaulize wateja kumi walionunua kweli, niandike watakayosema." Kazi itakuwa ndefu zaidi, na pengine wawili kati yao watalaumu. Lakini lawama hizo zitamfaa mjomba, kwani atajua mzigo upi asiuagize tena, na mama wa Songea hatanunulia watoto wake viatu vya siku moja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hiyo hufutwa.

Wallahu a'alam.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini maneno ya mteja yana hukumu ya ushahidi, na maneno ya muuzaji hayana.

2. Ni swali gani tunalojifunza katika kisa cha Ibnul-Lutbiyya? Litumie kupima punguzo la bei linalotolewa na duka unalolijua, bila ya kulitaja jina.

3. Kuna tofauti gani kati ya dalali anayelipwa na mteja anayelipwa?

4. Umenunua begi, na zipu yake imekatika siku ya pili. Andika maoni ya mistari mitatu yatakayomfaa mnunuzi mwingine bila ya kumdhulumu muuzaji.