SOMO LA BIASHARA: Punguzo linaloficha hasara kwenye maziwa ya watoto na dawa

Wafanyabiashara wa rejareja wa Mbeya na Iringa wanaonunua mzigo Dar es Salaam hukutana na kishawishi kimoja mara kwa mara: katoni ya maziwa ya kopo ya watoto, au maboksi ya dawa za maji za homa na kikohozi, kwa bei ya chini isiyo ya kawaida. Mara nyingi sababu ya punguzo hilo imechapwa kwenye kitako cha kopo.

HESABU YAKE

Tuseme kopo moja huuzwa jumla Sh. 30,000 na rejareja Sh. 33,000. Mwenye duka anapewa katoni ya makopo 12 kwa Sh. 24,000 kila kopo, yaani Sh. 288,000, ila muda wake unakwisha baada ya wiki nne. Kama duka lake huuza makopo mawili kwa wiki, atauza manane tu na kupata Sh. 264,000. Amepoteza Sh. 24,000, na makopo manne yamebaki rafuni. Angenunua kwa bei kamili mzigo wenye muda wa mwaka mmoja, angeuza yote 12 kwa wiki sita na kupata faida ya Sh. 36,000.

Aliyechukua mzigo huo kwa mali kauli yuko pabaya zaidi, kwani deni halikwishi muda.

Hapo ndipo mlaji anapoingia hatarini. Makopo manne yaliyobaki humshawishi muuzaji kufuta tarehe, kubandika nyingine, au kuyasukuma kwa maduka ya vijijini ambako wanunuzi wengi hawasomi maandishi ya kopo. Kadiri muda unavyopita, vitamini katika maziwa hupungua na mafuta yake huchacha. Mtoto mchanga anayetegemea kopo hilo peke yake hana chakula kingine cha kuziba pengo. Dawa iliyopitwa na muda nayo yaweza kupungua nguvu; homa haishuki, na mzazi huchelewa kwenda hospitali.

BARIDI SI KINGA

Wapo wanaoamini kuwa baridi ya Mbeya, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huongeza maisha ya bidhaa. Si kweli. Tarehe ya kiwandani tayari imehesabu hifadhi nzuri. Jua la dirishani na unyevu wa masika huharibu bidhaa hata kabla ya tarehe hiyo.

SHERIA

Tangu Julai 1, 2019, usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na wa dawa chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyotokana na TFDA ya mwaka 2003. Mzigo uliokwisha muda hautupwi jalalani, ambako huokotwa na kurudi sokoni. Huteketezwa chini ya usimamizi wa wakaguzi, na gharama ni za mwenye mali.

LA KUFANYA

Kwanza, kabla ya kulipa, gawa idadi ya bidhaa kwa mauzo ya wiki. Jibu likizidi wiki zilizobaki hadi tarehe ya mwisho, acha mzigo huo.

Pili, soma tarehe kwa makini. EXP 08/2027 kwa kawaida huhesabiwa hadi mwisho wa Agosti. Lakini 05/09/27 yaweza kuwa Septemba 5, au Mei 9 kwa bidhaa za Marekani; muulize aliyekuuzia.

Tatu, kinachokwisha muda mapema kikae mbele, hata kama kilifika dukani jana.

Nne, andika kwenye ankara, pamoja na namba ya toleo, kwamba muuzaji wa jumla atapokea bidhaa zitakazokaribia mwisho wa muda wake. Ahadi ya mdomo hairudishi fedha.

Tano, kagua rafu kila mwisho wa mwezi. Kilichopitwa na muda kiondoke siku hiyo hiyo na kufungiwa mbali na bidhaa za kuuzwa.

Sita, mwonyeshe mnunuzi tarehe kabla hajalipa, na umpe risiti. Mzazi aliyeonyeshwa tarehe bila kuuliza atarudi kununua sabuni, sukari na mchele hapo hapo.