Makumbusho ya Katiba Darasani: Namna Tunavyofundisha Haki na Uhuru Kalenga

Mwalimu wa Uraia na Maadili hapa Kalenga, Iringa, amejaaliwa neema ambayo wenzake wengi hawanayo, nayo ni jumba la makumbusho ambamo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa kwa taadhima. Nilipoazimia kuwafundisha wanafunzi haki zilizomo katika Katiba ya mwaka 1977, niliona heri darasa lenyewe ligeuzwe makumbusho. Kwani ibara iliyokaririwa husahaulika upesi, ilhali ile ambayo mtoto ameifinyanga kwa mikono yake na kuitetea mbele ya watu hudumu moyoni.

Kwanza, wapeleke wanafunzi makumbusho, wasome maelezo yaliyo kando ya kila kitu. Hapo waeleze kwamba Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, aliyelipokea fuvu hilo, ndiye aliyekuwa Spika wa Bunge mwaka 1984, haki za binadamu zilipotiwa ndani ya Katiba. Nao watatambua kwamba Katiba si habari ya watu wa mbali.

Pili, wagawe katika vikundi, kila kimoja kichague ibara moja kati ya 12 na 24. Vifaa visiwe vya gharama: udongo wa mfinyanzi, maboksi, nyasi za milulu na vipande vya vitenge vyatosha. Uhuru wa kwenda utakako, ibara ya 17, waweza kuwa basi la udongo. Uhuru wa maoni, ibara ya 18, redio ya boksi. Uhuru wa imani, ibara ya 19, msikiti na kanisa katika uwanja mmoja.

Tatu, kila kikundi kiandike kibao chenye sentensi tatu: haki yenyewe, wajibu unaoandamana nayo, na mpaka wake. Hapa usifanye haraka. Someni pamoja ibara ya 30, ili mwenye redio afahamu kwamba uhuru wa kusema haumpi ruhusa ya kumzulia jirani uwongo. Na hali kadhalika afahamu kuuliza, kila haki inapowekewa mpaka, ni kwa mujibu wa sheria gani.

Nne, waalike wazazi na wazee, uwaombe wahoji bila kuwaonea watoto huruma. Mzee akiuliza, "Mjukuu wangu, shamba ni langu, mbona barabara yaweza kulipita?" mtoto aliyesoma ibara ya 24 atajibu, "Babu, haliwezi kutwaliwa ila kwa idhini ya sheria, na kwa fidia inayostahili." Jibu kama hilo ndilo la kupewa alama, wala si uzuri wa ufinyanzi.

Walimu wenzangu, Katiba imeandikwa kwa Kiswahili, na udongo haununuliwi. Isomeni pamoja na watoto, muwape nafasi ya kuieleza kwa wazee wao, maana raia asiyejua haki yake hawezi kuidai, wala hawezi kuiheshimu ya mwenzake.