VITAFUNIO VYA KUJENGA MWILI: HESABU KABLA HUJANUNUA

Somo la Chakula Nyumbani

Bwana Mkulima, na wewe Mama wa nyumbani, mwezi huu twataka kusema juu ya chakula kidogo kinacholiwa katikati ya mlo na mlo, shuleni, kazini au njiani.

Mfano wetu ni Mwihoko, upande wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Viwanja vya huko ni vidogo, lakini watu wafuga kuku, na wengine wana ng'ombe wa kulishwa zizini. Alfajiri wengi hupanda matatu kwenda kazini Nairobi. Mara nyingi mambo huwa hivi: trei ya mayai yaenda dukani, maziwa yaenda kwa mteja, na sehemu ya fedha yanunua mandazi na soda za kumpa mtoto aende nazo shule. Si kosa kuuza, kwani fedha hiyo hiyo ndiyo ilipayo karo. Lakini je, umepata kuhesabu ulichotoa na ulichorudisha?

Kazi ya protini

Mandazi na soda hutia mwili nguvu ya kufanya kazi, lakini hujenga kidogo sana. Vyakula vya kujenga mwili ni vile vyenye protini. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 ahitaji kama gramu 50 za protini kila siku. Mtoto anayekua, mama mja mzito na mama anyonyeshaye huhitaji zaidi kwa kadiri ya uzito wao. Tazama hesabu hii, ambayo ni ya kukadiria:

Yai moja: gramu 6.
Kikombe cha maziwa au mala (mililita 250): gramu 8.
Njugu karanga, gramu 50: gramu 12.
Kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa: gramu 15.
Andazi la gramu 50: gramu 3 au 4.
Soda: hamna kitu.

Waona basi kwamba yai moja na kikombe cha maziwa humpa mtoto gramu 14. Soda na andazi havifiki hata nusu ya hizo. Githeri ya jana, ikipashwa moto vizuri na kutiwa katika mkebe safi, ni chakula chema pia, maana mahindi na maharagwe husaidiana: upungufu wa protini ya hiki hujazwa na kile.

Vipande vya dukani

Siku hizi supamaketi huuza vipande vya protini, mfano wa chokoleti, vimefungwa katika karatasi ing'aayo. Havivunjiki mfukoni, wala haviozi upesi, kwa hiyo vyafaa kwa safari ndefu. Lakini kabla hujatoa fedha, soma karatasi na kuangalia mambo matatu.

1. Uzito. Ikiwa imeandikwa gramu 30 za protini kwa kila gramu 100, na kipande chenyewe ni gramu 40, utapata gramu 12 tu. Hizo ni sawa na mayai mawili.

2. Vitu vilivyotiwa. Kwa desturi huandikwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ikiwa sukari ndiyo ya kwanza, basi hiyo ni peremende yenye jina kubwa.

3. Bei. Gawanya bei kwa gramu za protini. Fanya vivyo hivyo kwa yai na kwa njugu, kisha linganisha.

Kashata ya njugu nayo tusiisahau. Ukitengeneza kwa njugu gramu 100 na sukari gramu 100, kipande cha gramu 50 kitakuwa na protini kama ya yai moja. Njugu tupu za uzito huo huo zina mara mbili yake. Kwa hiyo punguza sukari, zidisha njugu.

Jihadhari na ukungu

Hapa twaomba usome kwa makini. Njugu na mahindi yasipokaushwa vema huota ukungu, na ukungu huo huweza kuleta sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwadhuru watu 317 huko mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao walikufa. Sumu hiyo huharibu ini, na haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga.

Kwa hiyo usinunue njugu kwa sababu ni rahisi tu. Zichambue mchana penye mwanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu, zitupe. Wala usidhani kumpa ng'ombe ni kuokoa hasara: sumu huingia katika maziwa, na maziwa hurudi mezani kwako. Kuku pia wasipewe.

Maonyo mengine: mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe njugu nzima, zisije zikamkaba, msagie laini. Mtu ambaye njugu humvimbisha uso au kumbana pumzi asile kabisa. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kabla ya kuzidisha protini. Na yai la kuchemsha libebwe na ganda lake, liliwe mapema, lisishinde mfukoni mchana kutwa.

Kazi ya juma hili

Chukua daftari. Kwa siku saba andika mayai na maziwa yaliyotoka nyumbani mwako, na vitafunio vilivyonunuliwa. Mwisho wa juma jiulize: tukibakiza yai moja kwa kila mtoto, tukaacha soda, tutapungukiwa fedha au tutaokoa?

Neno Mwihoko kwa Kikuyu maana yake ni tumaini. Tumaini la nyumba ni watoto wake, nao wasiwe wa mwisho kuonja kilichotoka katika banda la nyumbani.