Boksi la Dereva: Chakula cha Safari Ndefu kwa Familia za Madereva wa Malori

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Dereva wa lori akishazimaliza, bado kuna foleni ya mpakani, na siku za foleni hiyo hakuna anayeweza kuzikisia. Akivuka kwenda Zambia au Lubumbashi, wiki mbili zinaweza kupita hajala nyumbani kwake. Kijitabu hiki ni chake yeye na utingo wake, lakini ni chenu zaidi ninyi mnaobaki, kwa sababu mlo wake wa barabarani huanzia jikoni kwenu, usiku wa kuamkia safari.

Njaa ya saa nne asubuhi

Aliyeondoka alfajiri na chai ya rangi tupu hachagui chakula. Njaa ikimbana, atasimama popote penye nafasi ya kuegesha lori na ataagiza kinachotoka haraka: chipsi mayai na soda baridi. Chipsi si sumu. Lakini mtu anayeshinda kwenye kiti kutwa nzima, akizila kila siku, anabeba mafuta na chumvi nyingi bila hata jani la mchicha, na shinikizo la damu huja kimyakimya.

Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, karibu vijiko 7 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ibaki 25. Chupa mbili za mchana mmoja wa joto la Mikumi zimeshavuka. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo huficha usingizi tu, haviuondoi. Anayesinzia aegeshe mahali salama alale.

Mnachopakia

Malori mengi ya masafa marefu yana boksi la vyombo: jiko dogo la gesi, sufuria, unga, chumvi. Chumvi haikosekani kamwe. Maharage na mboga ndivyo husahaulika. Wekeni maharage makavu, dagaa waliokauka vizuri, vitunguu, nyanya, machungwa na ndizi ambazo hazijaiva sana. Kwa siku ya kwanza, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake. Hivyo vya kuchemsha viliwe asubuhi hiyohiyo. Karanga ni nzuri, ila zichambueni. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupeni, maana zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga.

Kuhusu wali tuseme wazi, hata kama tutawaudhi waliozoea kuupakia kwa mapenzi. Wali uliopikwa saa tatu usiku, ukafungwa ungali vuguvugu na kuliwa saa sita mchana wa kesho yake, ni hatari. Kuna bakteria wanaozaliana humo wali unapokaa bila kupozwa sawasawa, na sumu yao haiondoki kwa kuupasha moto. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida. Hotipoti husaidia iwapo chakula kimeingia kikiwa cha moto sana na kitaliwa kingali cha moto. Kikiwa vuguvugu, hotipoti inawatunzia bakteria joto lao. Kama mnataka ale wali, mpeni mchele apike mwenyewe njiani.

Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya kebini, hata usiku wa baridi ya Makambako. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua mtu akiwa usingizini.

Kwa mama ntilie

Kula njiani si kosa. Mama ntilie mwenye sufuria inayotoka mvuke ni afadhali kuliko chakula chako kilichochacha. Mwambie: "Mama, punguza ugali, ongeza mboga." Nusu ya sahani iwe matembele, mchicha au kabichi, na pembeni maharage au samaki. Kachumbari iache kama hujui imeoshwa kwa maji gani. Kabla ya kula, nawa kwa sabuni. Kipande kimoja kwenye boksi kinatosha safari nzima.

Madereva wengi hununua vitunguu Ruaha Mbuyuni na nyanya Ilula kuleta nyumbani. Wachache hukumbuka kubakiza za sufuria yao wenyewe.

Mwenye sukari au presha

Dawa zipakiwe za siku zaidi ya zile mnazotarajia, kwa sababu ya ile foleni. Zisiachwe kwenye dashibodi juani. Anayetumia insulini asiruke mlo. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la ghafla au kuchanganyikiwa, aegeshe na kuzima injini mara moja. Hapa ndipo soda ina kazi: nusu chupa, isiwe ile isiyo na sukari, kisha ale chakula. Asishike usukani mpaka zipite dakika 45 tangu sukari irudi kawaida. Utingo afundishwe haya yote kabla ya safari, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huenda asijitambue.

Kwenye boksi kuwe pia na pakiti mbili tatu za chumvichumvi za kuharisha, zichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, na maji yaliyochemshwa. Kuharisha damu, au homa inayoambatana na kuharisha, ni kituo cha afya kilicho karibu, si duka la dawa.

Akipiga simu akiwa ameegesha Mafinga, msiishie kumuuliza amefika wapi. Muulizeni amekula nini.