Mlima, Msiba na Daftari la Baba



Ndugu msomaji, somo letu la toleo hili linahusu huzuni, na linahusu milima. Tangu muhula uliopita nimeulizwa mara nyingi kwa nini sisi wanafunzi kadhaa wa hapa Mbale tunaacha mapumziko yetu na kwenda kuteseka kwenye baridi ya Elgon. Wengine wanaona ni mchezo wa watalii. Ndugu mmoja alinieleza waziwazi kwamba Muislamu aliyefiwa akisali na kusoma Qur'ani inatosha, mlima wa nini?

Nianze na hoja yake, maana si hoja ya kudharau. Kusali na kusoma ni wajibu na ni tiba, hakuna anayebisha. Lakini kuna dhana imeingia mabwenini kwetu kwamba mwenye imani hahuzuniki, na akihuzunika muda mrefu basi imani yake ina kasoro. Hiyo ndiyo ninayoikataa. Katika sira ya Mtume (S.A.W.) upo mwaka wa 10 wa utume, ambao wanazuoni wenyewe wameuita Mwaka wa Huzuni. Alifiwa na Bibi Khadija, akafiwa na ami yake Abu Talib, na baadaye akaenda Taif na kufukuzwa kwa mawe mpaka miguu ikatoka damu. Akirudi njiani, moyo umejaa, akaletewa Malaika wa milima, naye akamwambia kwamba akitaka ataibwaga milima miwili ya Makka juu ya watu wake. Mtume akakataa, akitaraji kwamba katika vizazi vyao watatoka watakaomwabudu Allah peke yake. Nimeisoma habari hii mara nyingi. Kinachonishika ni kwamba huzuni yake haikufichwa wala kukemewa. Alipewa nguvu ya milima akiwa katikati ya maumivu, naye akachagua kazi iliyokuwa mbele yake.

Sasa tutoke Hijazi twende Baltistan, kaskazini mwa Pakistan. Muhammad Ali Sadpara alizaliwa katika kijiji cha Sadpara karibu na Skardu, akaanza kama mpagazi wa kubeba mizigo ya wageni. Tarehe 26 Februari 2016 alikuwa mmoja wa watu watatu wa kwanza kufika kilele cha Nanga Parbat wakati wa baridi kali, pamoja na Alex Txikon wa Hispania na Simone Moro wa Italia. Februari 2021 alikwenda K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mita 8,611, pamoja na John Snorri wa Iceland na Juan Pablo Mohr wa Chile. Mwanawe Sajid alikuwa nao. Walipofika mahali pa hatari karibu na kilele, kifaa cha oksijeni cha Sajid kikaharibika na baba yake akamwambia ashuke. Sajid akashuka, akangoja kambini usiku kucha na taa imewaka. Wale watatu hawakurudi. Helikopta za jeshi zilitafuta bila mafanikio.

Julai ya mwaka huohuo Sajid alirudi kumtafuta baba yake. Tarehe 26 miili ilionekana. Yeye akapanda mpaka kileleni, na katika kushuka akauhifadhi mwili wa baba yake pahali salama, akausomea Qur'ani kama mama yake alivyomwagiza. Fikiria hilo, kwenye urefu ambao mtu hujikokota kwa shida kubwa hata bila mzigo. Hakwenda kuvunja rekodi. Alikwenda kutimiza haki ya maiti kwa kadiri alivyoweza. Baadaye aliendelea kupanda, na mwaka 2023 alifika kilele cha Everest bila oksijeni ya mtungi.

Mimi si Sajid, na Elgon si K2. Kilele chetu cha Wagagai kina mita 4,321 na mtu mwenye afya ya kawaida anakifikia kwa miguu bila kamba. Baba yangu alifariki nikiwa mwaka wa pili. Hakufia mlimani, alifia kitandani kwake baada ya Swala ya Alasiri, na mazishi yakafanyika kesho yake kabla ya Adhuhuri. Nilirudi chuoni baada ya wiki moja. Nilisali, nilihudhuria masomo, nilicheka na wenzangu. Ila kulikuwa na daftari moja la jalada la bluu ambalo mama alinikabidhi mimi kama mtoto mkubwa, lenye hesabu za duka la baba, anaowadai na wanaomdai. Kwa miezi mitano lilikaa chini ya godoro langu bila kufunguliwa. Kila nilipoligusa mikono ilikuwa mizito. Mnaijua hukumu: deni la maiti hutangulizwa kabla ya kugawa mirathi. Nami niliijua, nikaijibia hata kwenye mtihani.

Safari ya kwanza nilikwenda kwa sababu aliyetakiwa kwenda aliugua na nafasi yake ilikwisha lipiwa. Tulianzia Budadiri, njia ya Sasa. Unapita mashamba ya kahawa na migomba, kisha genge la Mudangi lenye ngazi, kisha msitu wa mianzi ambako Wagisu huchuma machipukizi ya malewa. Kambi ya kwanza iko kwenye mita 2,900 hivi, ya pili kwenye pango la Mude, mita 3,500 hivi. Kiongozi wetu wa njia alikuwa mzee wa Kigisu mwenye buti za mpira. Vijana wenye miguu mirefu walipotaka kumpita alisema neno moja tu: "Polepole, wanangu." Mimi nilikuwa wa mwisho. Akasimama kunisubiri, akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia blanketi na unga. Akanitazama, akasema, "Haya, tembea nyuma yangu. Weka mguu nilipoweka mimi."

Nikaweka mguu alipoweka yeye, saa nzima, saa mbili. Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana watu huuliza mlima unaponya vipi, na majibu mengi ni ya kishairi mno. Kwa ninavyoona, sehemu kubwa ni ya mwili. Juu ya mita 4,000 hewa imepungua; kule Wagagai kanieneo yake ni kama asilimia 60 ya ile ya usawa wa bahari. Huwezi kwenda mbio, huwezi hata kusema sana. Akili iliyozoea kuzunguka usiku kucha kwenye jambo moja inalazimika kushughulikia pumzi, jiwe linalofuata, maji, moto. Jioni unalala kwa uchovu halisi. Mimi nililala usiku mzima pangoni Mude, jambo ambalo sikulipata tangu mazishi. Na kuna watu pembeni yako ambao hawakuulizi unajisikiaje. Wanakuuliza kama una soksi kavu.

Usiku wa kuamkia kilele ndipo nilipomlilia baba. Hakuna aliyesema kitu. Mwenzangu alinisogezea kikombe cha chai ya rangi.

Kuhusu ibada mlimani, kwa kuwa maswali ni mengi. Budadiri si mbali na Mbale, haifiki zile kilomita 80 hivi ambazo wanazuoni wengi wanazihesabu kuwa safari, kwa hiyo sisi wa Mbale tulisali rakaa kamili. Ndugu wawili waliotoka Kampala walikuwa wasafiri, ila walipomfuata imamu mkaazi nao walikamilisha nne. Kupaka maji juu ya khofu ni mchana na usiku mmoja kwa mkaazi, siku tatu na usiku zake kwa msafiri. Alfajiri pangoni maji yanauma kama sindano. Pasheni moto kama mnaweza. Mkishindwa na kuna hofu ya kweli ya madhara, kumbukeni kisa cha Amr bin Al-Aas aliyetayamamu usiku wa baridi kali akiwa na janaba, na Mtume (S.A.W.) akacheka asimkemee. Baridi ya kukufanya unung'unike tu haihesabiki.

Na niseme lisilopendwa na wenzangu wa kundi la kupanda: mlima si dawa ya kila kitu. Mwenzetu ambaye halali wiki baada ya wiki, hali chakula, au anazungumzia kutamani kufa, huyo hapelekwi kwenye magenge. Apelekwe kwa daktari au mshauri, na asiachwe peke yake. Vilevile anayeumwa kichwa sana na kutapika akiwa juu, ashushwe saa hiyohiyo hata kilele kikiwa kinaonekana. Kutoka Wagagai nimewaona wawili wakishushwa hivyo, na wote wako wazima.

Niliporudi nilioga, nikalala, na Jumatatu baada ya Magharibi nikalitoa daftari. Lilikuwa na majina kumi na moja. Saba walikuwa wanadaiwa na baba, wanne walikuwa wanamdai. Nilimpigia mama, nikamsomea jina moja moja, naye akanieleza nani ni nani. Wawili walisamehe nilipowapigia simu. Wa tatu, muuza sabuni wa Soroti, alitaka fedha zake na nikamlipa kwa awamu tatu kutokana na kodi ya chumba cha duka. Wa nne jina lake limeandikwa "Hajji wa mahindi" bila namba. Mama anadhani ni mtu wa Iganga. Mwezi ujao nakwenda kuuliza msikitini huko baada ya Ijumaa, na msomaji yeyote wa Iganga anayemfahamu mfanyabiashara huyo namwomba aache habari kwa mhariri.

Kundi letu linapanda ukuta wa Wanale kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tunatoka baada ya Alfajiri, hakuna ada. Njooni na viatu vyenye meno na lita mbili za maji.