Mtoto Wako na Jimnastiki: Aanze Akiwa na Umri Gani?

Kijitabu cha elimu kwa wazazi, walezi na walimu wa michezo

Kwa nini tumeandika kijitabu hiki

Watoto wetu hujifunza kupinduka kabla hawajapata mwalimu. Ufukweni, wavulana hukanyaga tairi kuukuu lililofukiwa nusu mchangani na kujirusha hewani. Uani, wasichana huruka kamba, hucheza rede na kushindana kupiga msamba. Shuleni wapo wanaochaguliwa kuingia kwenye halaiki ya sikukuu za kitaifa. Mijini yapo pia madarasa ya jimnastiki na sarakasi ya kulipia, na hapo ndipo mzazi huanza kuuliza: mwanangu aanze lini?

Wazazi wengine huharakisha wakisema samaki mkunje angali mbichi. Wengine hukataza kabisa, wakihofia mtoto atadumaa au atavunjika shingo. Kijitabu hiki kinayajibu makundi yote mawili.

Jibu fupi ni hili. Michezo ya kuruka, kubiringita na kuning'inia inamfaa mtoto tangu anapoweza kutembea. Mafunzo yenye mpangilio yanawafaa watoto wengi kuanzia miaka 6 hivi. Mazoezi mazito ya mashindano yasubiri hadi mwili wake uyahimili na yeye mwenyewe ayatake. Kila umri una mazoezi yake, na madhara mengi hutokea pale mtoto wa umri mmoja anapofanyishwa mazoezi ya umri mwingine.

Mwili wa mtoto ulivyo

Kichwa cha mtoto mchanga ni takriban robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni takriban sehemu moja ya nane. Ndiyo maana mtoto wa miaka 3 ana kichwa kizito kikilinganishwa na shingo na mikono yake. Akisimamishwa kwa kichwa, au akipiga kichwangomba bila kuelekezwa, uzito huo huiangukia shingo ambayo misuli yake bado ni dhaifu.

Mifupa nayo haijakamilika. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Tabaka hilo hugeuka kuwa mfupa kamili mwishoni mwa balehe, kwa wasichana mapema kuliko kwa wavulana. Kabla ya hapo ni sehemu dhaifu kuliko mfupa ulioizunguka. Katika jimnastiki mikono hubeba uzito wa mwili kama miguu, kwa hiyo vifundo vya mikono ndivyo huumia sana. Visigino na magoti hufuata kwa sababu ya kuruka na kutua mara nyingi.

Akili pia ina wakati wake. Mtoto wa miaka 4 hufuata agizo moja, kisha macho yake huhamia kwa kunguru aliyetua dirishani. Kumtaka asubiri zamu, akumbuke hatua tatu za zoezi na kuacha mara moja anapoambiwa, ni kumtaka awe na umri ambao bado hajaufikia.

Hatua kwa hatua

*Chini ya miaka 3.* Mtoto huyu hahitaji darasa. Anahitaji nafasi na mtu mzima wa kumwangalia. Mwache apande mito, atambae chini ya meza, aruke kutoka ngazi ya chini kabisa huku umemshika mikono. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa mwaka 1 hadi 4 awe kwenye mwendo kwa jumla ya angalau dakika 180 kwa siku, zikigawanyika siku nzima. Uwanja wa nyumbani unatosha kabisa kuzipata.

*Miaka 3 hadi 5.* Anaweza kuingia darasa la michezo lenye sura ya jimnastiki, mara moja au mbili kwa wiki, kipindi kisichozidi dakika 45. Afundishwe kutembea juu ya mstari, kuruka na kutua kwa miguu miwili huku magoti yamekunjwa, kuning'inia kwa muda mfupi, na kubiringita kwenye godoro lenye mteremko kidogo. Asisimamishwe kwa kichwa, asipindwe mgongo, na asikandamizwe ili apige msamba. Mwalimu anayesema mtoto wa miaka 4 ameanza kuchelewa anauza hofu.

*Miaka 6 hadi 8.* Watoto wengi huwa tayari kwa mafunzo yenye mpangilio. Wanaelewa maelekezo, mizani ya mwili imetulia, na mikono imepata nguvu. Huu ndio wakati wa kujenga misingi: kubiringita mbele na nyuma kwa usahihi, kusimama kwa mikono miguu ikiegemea ukuta, kupiga gurudumu, kutembea kwenye boriti ya chini, na zaidi ya yote kujifunza kuanguka bila kuumia. Mtoto aliyefundishwa kuanguka vizuri ana usalama zaidi hata anapocheza mpira au kupanda mti.

*Miaka 9 hadi 12.* Mtoto hujifunza ujuzi mpya kwa haraka. Hata yule anayeanza sasa hajachelewa. Lakini katika umri huu wasichana wengi, na baadaye kidogo wavulana, huingia kwenye kipindi cha kurefuka ghafla. Mifupa hutangulia na misuli hufuata nyuma, mwili hukakamaa, na zoezi alilokuwa akilifanya vizuri mwezi uliopita linamshinda. Watoto wengi hukaripiwa wakati huu kwa uvivu ambao hawana. Punguza idadi ya miruko, ongeza mazoezi ya nguvu na ya kunyoosha viungo taratibu, na upe mwili wake muda.

*Miaka 13 na kuendelea.* Kijana anaweza kuanza kwa ajili ya afya, furaha, sarakasi au kujiandaa kwa michezo mingine. Huenda asifike Olimpiki, lakini atapata mgongo imara, mabega yenye nguvu na ujasiri wa mwili.

Je, wako yuko tayari?

Usiangalie keki za siku ya kuzaliwa peke yake. Mtoto yuko tayari kwa darasa ikiwa anaweza kukaa na mwalimu bila wewe kuwa kando, kufuata agizo la hatua mbili au tatu, kusubiri zamu, kusema "naumia" au "naogopa", na kwenda chooni mwenyewe au kuomba apelekwe. Zaidi ya hayo, awe anapenda. Mwulize baada ya vipindi vitatu au vinne, si baada ya kimoja.

Baadhi ya watoto waonwe na daktari kwanza. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Mwenye selimundu anahitaji maji ya kutosha, mapumziko ya mara kwa mara na ushauri wa kliniki yake kuhusu kiasi cha mazoezi. Mwenye hali ya Down anaweza kushiriki na kufurahia, lakini shingo ichunguzwe kabla ya kubiringita au kupinduka, kwa sababu baadhi yao wana maungio legevu kwenye pingili za juu za shingo.

Saa ngapi kwa wiki?

Wataalamu wa tiba ya michezo kwa watoto hutumia kipimo rahisi: saa za mafunzo ya mchezo mmoja kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wa miaka 7 asizidi saa 7. Anayeanza anatosheka na saa 2. Awe na siku moja au mbili za mapumziko kila wiki, na miezi kadhaa katika mwaka ya kuupumzisha mchezo huo. Katika mapumziko hayo aogelee, acheze mpira, aruke kamba. Mtoto wa michezo mingi huumia kidogo kuliko wa mchezo mmoja, na hachoki roho upesi.

Kagua kabla hujalipa

Nenda mwenyewe ukaangalie kipindi kizima. Tazama mambo haya:

- Magodoro ni mazito, yamepangwa bila mianya, na hayatelezi juu ya sakafu.
- Watoto wadogo wametenganishwa na wakubwa.
- Kila mtoto anapasha mwili kabla ya kuruka.
- Kocha anamshika mtoto anayejaribu jambo jipya, na hampeleki hatua ya pili kabla ya kuiweza ya kwanza.
- Kwenye trampolini anaruka mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Ajali nyingi za trampolini hutokea watoto wanaporuka pamoja, na walio chini ya miaka 6 wasitumie trampolini za viwanja vya burudani.
- Pana sanduku la huduma ya kwanza, na mtu anayejua kulitumia.

Muulize kocha alisomea wapi, amefundisha watoto wa umri gani, na hufanya nini mtoto anapokataa zoezi. Kwa wanaojifunzia mchangani bila ukumbi, ondoeni chupa na mawe kwanza, na zuieni kupinduka nyuma pasipo mkubwa anayejua kushika.

Mlango uwe wazi

Jimnastiki humweka mtoto mikononi mwa watu wazima: hushikwa, hunyanyuliwa, husifiwa na hukaripiwa. Nchini Marekani, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa, Larry Nassar, alihukumiwa mwaka 2018 kwa kuwadhalilisha kingono wasichana aliopaswa kuwatibu. Zaidi ya 150 walitoa maelezo yao mahakamani. Wengi walikuwa watoto alipowatenda, na baadhi waliwahi kusema wasisikilizwe.

Kwa hiyo usikubali mazoezi ya faragha, matibabu ya faragha, wala ukumbi unaomkataza mzazi kutazama. Kocha asimpime mtoto uzito mbele ya wenzake, asimkaripie kwa maumbile yake, na asimpe masharti ya kujinyima chakula. Mfundishe mwanao kwamba kushikwa kwa ajili ya zoezi kuna mipaka, na kwamba hakuna siri kati yake na kocha. Tanzania na Kenya zina namba ya simu ya kumsaidia mtoto, 116. Piga ukiona jambo linalokutia shaka.

Maswali ya wazazi

*Atadumaa?* Hapana. Wanajimnastiki wengi wakubwa ni wafupi kwa sababu mchezo huo unawapendelea wenye miili midogo, kama mpira wa kikapu unavyowapendelea warefu. Kinachoweza kuchelewesha balehe ni mazoezi mazito pamoja na chakula kisichotosha. Msichana asiyevunja ungo hadi miaka 15, au aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo, aonwe na daktari.

*Kupiga msamba kutamwondolea binti yangu usichana?* Hapana. Kizinda hutofautiana kwa umbo kutoka msichana hadi msichana, na hakiwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba amewahi kujamiiana. Mwaka 2018 WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kwa sababu hauna msingi wa kitabibu. Binti asinyimwe mchezo kwa hofu hiyo.

*Na mavazi?* Mavazi ya kufunika miguu hadi vifundoni yanaruhusiwa hata katika mashindano ya kimataifa. Timu ya wanawake ya Ujerumani iliyavaa kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Sharti kubwa la usalama ni vazi linaloushika mwili, lisilo na pini wala kamba za kuning'inia.

*Mabingwa si huanza wakiwa wadogo sana?* Nadia Comăneci wa Romania alikuwa na miaka 14 alipopata alama 10 ya kwanza katika jimnastiki ya Olimpiki, Montreal mwaka 1976. Baadaye shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliona hatari ya kuwapandisha watoto majukwaa ya watu wazima: mwaka 1981 umri wa chini kwa wanawake ulipandishwa kutoka miaka 14 hadi 15, na mwaka 1997 hadi 16. Simone Biles wa Marekani alianza akiwa na miaka 6, akatwaa ubingwa wa dunia akiwa na 16. Kaylia Nemour wa Algeria alikuwa na miaka 17 alipoipatia Afrika medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika jimnastiki, dhahabu ya Paris mwaka 2024. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 46, ikiwa ni Olimpiki yake ya nane. Mchezo huu hauishi utotoni.

Mpeleke hospitali

Usisubiri ikiwa mtoto ameumia shingo au mgongo, amepoteza fahamu, anatapika baada ya kugonga kichwa, au kiungo kimepinda. Aliyeumia shingo asinyanyuliwe wala kukandwa. Mwacheni palepale hadi msaada ufike. Maumivu ya kifundo cha mkono, kisigino, goti au kiuno yanayorudi kila baada ya mazoezi kwa zaidi ya wiki mbili nayo yanahitaji daktari. Mtoto apumzike mpaka apone, hata kama mashindano yako kesho.

Neno la mwisho kwa mzazi

Ukiwa na mtoto wa miaka 3, cheza naye. Ukiwa na wa miaka 6 au 7 anayependa kupinduka, mtafutie mwalimu mwenye subira na ukumbi wenye milango wazi. Ukiwa na wa miaka 12 aliyegundua mchezo huu jana, mruhusu aanze. Na yeyote kati yao akikwambia amechoka au anaumia, mwamini kwanza, kisha uliza maswali.