Aliyeona Ndiye Msaidizi wa Daktari

Seli za neva katika ubongo hupeana taarifa kwa umeme hafifu: hizi zikichangamka, zile hutulia. Kundi kubwa la seli likichangamka kwa pamoja bila mpangilio, mwili au fahamu huvurugika kwa muda. Hilo ndilo shambulio. Mashambulio yakijirudia bila chanzo cha papo hapo, kama homa kali, ugonjwa huitwa kifafa.

Umeme huo ukianzia sehemu moja, dalili hufuata kazi ya sehemu hiyo: mkono mmoja hutetemeka, au mtu hutafunatafuna mdomo mtupu na haitiki akiitwa. Ukienea ubongo mzima, mtu huanguka, hukakamaa, kisha hutupa viungo. Lakini wako watoto wasioanguka kabisa. Mwanafunzi anasoma kwa sauti, ghafla ananyamaza, macho yameganda. Baada ya sekunde chache anaendelea, hajui kilichotokea. Mtoto huyu huadhibiwa kwa uzembe, na hilo ni jambo la kusikitisha sana.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua dawa. Fenobabitoni, inayotumika tangu 1912, huongeza nguvu ya kemikali inayotuliza seli. Ni ya bei nafuu na huzuia vizuri mashambulio ya kuanguka, ingawa huleta usingizi. Kabamazepini huzuia chembe za sodiamu zisiingie kwenye seli kwa kasi. Hufaa shambulio la sehemu moja, ila yule mwanafunzi anayeganda macho huweza kuzidiwa akipewa. Yeye humfaa zaidi valproeti, dawa ambayo nayo huweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo msichana anayekaribia umri wa kuzaa hutafutiwa nyingine.

Mgonjwa akifika kliniki, iwe Hospitali ya Mirembe hapa Dodoma au kituo cha afya cha wilaya, kwa kawaida shambulio limekwisha na yeye halikumbuki. Daktari humtegemea aliyekuwapo: lilianzia upande gani, macho yalielekea wapi, lilichukua dakika ngapi. Video ya simu husaidia sana. Chanzo nacho huulizwa. Wilayani Kongwa, kwa mfano, nguruwe wamekutwa na viluwiluwi vya tegu. Binadamu akimeza mayai ya tegu huyo kwa mikono au chakula kichafu, viluwiluwi huweza kukaa ubongoni na kuleta kifafa.

Dawa ikishapatikana, hunywewa kila siku, hata miezi ipite bila kuanguka. Kuiacha ghafla huweza kuleta shambulio lisilokatika. Likipita dakika tano, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.